Shemeji Yuko Shimoni

Nasikia wiki nzima hamkulala vizuri. Nasikia kuna ofisi imegawanyika kambi mbili, na kuna saluni ambako mteja ametoka amesukwa upande mmoja tu kwa sababu msusi alisimama kubishana. Kambi ya kwanza inasema redio koli ya sehemu iliyopita ilitamka "funga." Kambi ya pili inaapa ilitamka "fungua." Jamani, punguzeni jazba. Hata Koki mwenyewe, aliyekuwa ameishika hiyo redio mkononi, hakujua ni ipi.

Kwa mgeni aliyeingia leo, karibu, sogea hapa. Koki ni fundi wa milango ya maji kule bwawani, mwanamke mwenye mikono migumu na ulimi mwepesi. Kaka yake, dereva wa lori la idara ya maji, yuko mahabusu kwa sababu ya mota ya pampu iliyotoweka stoo ya mjini. Bila mota hiyo nusu ya mji inahangaika na ndoo. Koki alikuwa ameshang'amua mwizi ni nani, na kikulacho ki nguoni mwako: ni mtunza stoo, mume wa Dada, yaani Shemeji wake mwenyewe. Mchana huu alimfuata kwa kunyata, akamwona akiteremka kwenye shimo la mlango wa maji, kamba begani. Haukupita muda redio koli ikakoroma, na sauti ya Shemeji ikatoka kama ya mtu aliyekabwa.

"Fun—!"

Halafu mkwaruzo ukameza kilichobaki.

Sasa elewa ubaya wa jambo lenyewe. Chini ya shimo lile kuna mlango wa chuma unaopanda na kushuka, na wakati huo ulikuwa umeinuliwa kidogo tu, maji yanapita chini yake yakielekea kwenye birika la matope. Huko juu, mbele ya tumbo la Koki, kulikuwa na gurudumu la kuuendesha. Ukizungusha kulia, mlango unapanda, na maji yanakokota kila kilichomo shimoni. Ukizungusha kushoto, mlango unashuka, na shimo linajaa mpaka kwenye kope za aliyemo. Aliyeshikwa na mkondo ataomba ufunge. Aliyezidiwa na kina ataomba ufungue. Ukimpa huyu dawa ya yule, umezika.

"Rudia!" Koki alipiga kelele redioni. "Shemeji, rudia! Amka au lala?"

Mafundi wa milango hawatamki "funga" wala "fungua" kwenye redio, hata wakiwa wamelewa. Maneno hayo yameachana kwa irabu moja tu, na redio za idara zinakula irabu kama panya anavyokula mahindi. Kwa hiyo wao husema "amka" mlango upande, na "lala" mlango ushuke. Kila fundi anafundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo.

Tatizo ni kwamba Shemeji hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa stoo.

"Nilale?" redio ilifoka. "Nilale wapi, mwanamke, nazama huku!"

Kisha ikanyamaza kabisa.

Koki alibaki amelishika gurudumu kwa mikono miwili. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo shetani alipovuta kigoda akakaa karibu naye.

Shetani huyo hakuwa na haraka. Alimwambia hivi: Koki, zungusha tu. Kulia, kushoto, popote. Ukipatia, umemwokoa. Ukikosea, nani atakulaumu? Utasema ulisikia "funga." Utasema ulisikia "fungua." Bwawa zima litakupa pole na kutikisa kichwa, maana nani hajawahi kukosea maneno hayo mawili? Na huko chini watamkuta marehemu, na mota pembeni yake. Mwizi na kidhibiti mahali pamoja. Kaka atatoka jioni hii hii. Lakini akitoka hai, huyu Shemeji mwenye mdomo wa kumuuzia samaki maji ataeleza, atacheka, atalia, na Kaka ataozea ndani.

Nisimpake Koki mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitamani. Kwa kitambo kidogo alitamani kabisa, akamwona Kaka anatoka kwenye lango la mahabusu akijinyoosha mgongo, na roho yake ikafurahi. Halafu akamwona Dada, tumbo likiwa mbele, akiulizia mumewe alikokwenda. Akaiangalia mikono yake juu ya lile gurudumu, akaona imeanza kukaza yenyewe.

"Leo siwaamini nyinyi," aliiambia mikono yake, akaiondoa.

Akachomeka pini ya kuzuia gurudumu lisizunguke, akaweka kisu cha kazi mdomoni, akashika ngazi.

Shimoni kulikuwa na giza la saa sita mchana, giza la ajabu kwa sababu ukiangalia juu unaona anga la bluu kama sahani. Maji yalikuwa yamefika shingoni mwa Shemeji. Mkono wake mmoja ulikuwa umekumbatia ngazi. Wa pili ulikuwa umezama, umenyooka kuelekea mlangoni, kana kwamba kuna mtu huko chini anamsalimia na hataki kuuachia.

"Shemeji!" alisema kwa furaha ya kweli. "Shemeji yangu wa damu!"

"Shemeji hana damu," Koki alisema, akitoa kisu mdomoni. "Ulisema nini redioni? Nifunge au nifungue?"

"Wala sikusema hivyo!"

"Ulisema 'fun' nini basi?"

"Fundi! Niliita fundi! Nataka fundi, mimi najua nini mambo ya milango?"

Basi, kambi zote mbili zikanywe maji zitulie. Alisema "fundi." Na Koki alipoangalia chini ya maji, aliona kwamba angezungusha kulia au kushoto, Shemeji angekuwa marehemu vilevile.

Mambo yalikuwa hivi. Shemeji alikuwa ameificha mota juu ya ukingo wa saruji kando ya mlango, imefungwa turubai. Kesho shimo lilikuwa lisafishwe, kwa hiyo leo alikuja kuitoa. Akaifunga kamba, na ili isimponyoke akajizungushia kamba hiyo kwenye kifundo cha mkono. Akili za stoo hizo. Mota ikateleza, mkondo ukaibeba, ikaenda kukaa kwenye uwazi wa mlango kama kizibo, imezuiwa na kamba tu isipite. Sasa maji hayakuwa na pa kutokea, yalikuwa yanapanda, na mwenye mota alikuwa amefungwa kwenye mota. Koki angeinua mlango, vyote viwili vingekwenda pamoja. Angeushusha, maji yangemfunika.

"Ivute," Shemeji alisema. "Ivute taratibu, usiikwaruze."

"Niivute nini?"

"Mota! Mpya hiyo, shemeji, bado ina stika."

Koki alizama, akalishika turubai, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta ukuta. Alizama tena, akaweka miguu kwenye mlango, akavuta mpaka masikio yakalia. Haikutikisika. Hapo palihitaji wanaume watatu na winchi, na wanaume hao walikuwa kantini upande wa pili wa bwawa wakila na kubishana mpira. Alipoibuka, maji yalikuwa kwenye kidevu cha Shemeji.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja. Akate kamba.

Mtu wa nje atasema, si akate tu, kuna nini? Kuna Kaka. Kamba ikikatwa, mota inaachiwa, inapita chini ya mlango, inatumbukia kwenye birika la matope. Birika lile liliwahi kumeza trekta na halijawahi kulirudisha. Mota ile ndiyo kitu pekee duniani kilichoweza kusema Kaka hana hatia, na ilikuwa hapo, mkono ukinyooshwa unaigusa.

"Kata basi!" Shemeji alisema. Sasa hakuwa na habari tena na stika.

"Nikiikata Kaka atatokaje?"

"Nitasema mimi! Nitasema niliiba!"

"Wewe? Wewe uliyemwambia Dada kwamba kuku wamejichinja?"

"Koki, maji!"

Shetani aliteremka ngazi naye, mbishi huyo, akanong'ona kwa sauti laini zaidi. Huna haja ya kuua, alisema. Chelewa tu. Panda juu ukaite watu, ndiyo utaratibu. Kuchelewa si kuua. Na Koki akaona kwamba maneno haya ni mabaya kuliko yale ya kwanza, kwa sababu yalifanana na busara.

"Apa," alisema haraka.

"Naapa!"

"Kwa nani?"

Maji yalikuwa mdomoni. Shemeji aliinua pua juu kama mbuzi anayevuka mto. "Kwa mwanangu aliye tumboni! Nitasema mbele ya yeyote! Kata!"

Koki alikata.

Kamba ilichomoka kama nyoka. Chini kabisa kukasikika mgugumio mzito, mlango ukatetemeka, na mota ikaenda zake. Maji nayo yakaanza kushuka kwa adabu, kana kwamba hayakuwa na ubaya na mtu.

"Imekwenda," Koki alisema, na pamoja na hiyo mota aliona kabisa Kaka akienda.

"Pole," Shemeji alisema, akaanza kupanda ngazi yeye kwanza.

Walipotoka juu, jua liliwapokea kwa kofi. Shemeji alijitupa kwenye majani, akalala kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Koki alikuwa bado anatema maji alipoona gari la polisi limesimama karibu na gurudumu la mlango. Pembeni yake alisimama Inspekta, mtu mrefu anayetembea kama anapima kiwanja. Mafundi walikuwa wanakuja mbio kutoka kantini, mmoja bado ana kijiko. Na kutoka kwenye kota za wafanyakazi, upande wa pili wa uzio, alikuwa anakuja Dada, mkono mmoja chini ya tumbo, kiatu kimoja mguuni.

"Kuna nini hapa?" Inspekta aliuliza.

Koki alimgeukia Shemeji. Huu ndio wakati wako, macho yake yalisema. Sema ulichoapa.

Shemeji alijikalisha. Akamwangalia Inspekta. Akamwangalia mkewe. Akavuta pumzi ya mtu mwema aliyechoka.

"Afande," alisema, "nashukuru Mungu nilikuwa karibu. Huyu shemeji yangu aliteleza akatumbukia. Nikajitosa."

Mafundi walipiga makofi. Yule wa kijiko alifuta jicho.

Koki alifungua mdomo, lakini hakikutoka kitu isipokuwa maji. Shukrani ya punda ni mateke, hilo alilijua. Hakujua kwamba punda anaweza pia kuomba apewe medali.

"Hongera," Inspekta alisema kwa ufupi. "Lakini sikuja kwa ajili ya waogeleaji. Nimemleta mtu." Akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Aliyeshuka alikuwa Kaka, pingu mikononi, shati limekunjamana, ndevu zimemwotea hovyo. Koki alimkimbilia, Inspekta akanyoosha mkono kumzuia.

"Taratibu. Amekiri asubuhi hii. Ametuambia aliiba mota na kuificha hapa bwawani. Haya, dereva, tuonyeshe."

"Amekiri?" Koki aliuliza. "Amekiri nini? Kaka, umekiri nini?"

Kaka hakumwangalia. Alitazama huku na huku kwenye uwanja wa bwawa kama mgeni anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu. Mwishowe akanyoosha pingu zake kuelekea banda la pampu ya zamani.

"Kule," alisema. "Nyuma ya banda. Nimeifukia."

Hakujua! Koki aliona wazi kwamba hajui hata mota ilikuwa wapi. Mtu huyu alikuwa anabuni wizi wake papo hapo, na alikuwa anaubuni vibaya. Kisha Kaka akamtupia jicho moja tu, jicho lile lile la utotoni walipovunja dirisha, lililomaanisha: mdogo wangu, funga bakuli lako.

Dada naye alikuwa amefika, anahema. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamfuta uso kwa upande wa kanga yake. "Umeumia?" alimwuliza. "Umeumia wapi?" Na Shemeji akamwegemea.

Basi Koki alisimama katikati. Kushoto, Kaka anayetaka afungwe. Kulia, Dada ambaye mtoto wake atazaliwa baba yuko jela iwapo Koki atasema neno. Watu wawili anaowapenda kuliko wote, na wote wawili walikuwa wanamwomba kimya kimya aiache dunia ilivyo. Hata askari aliyekuja na Inspekta alikuwa ameshachukua sepetu kwenye gari, anaelekea bandani. Ingekuwa rahisi. Angekwenda zake akabadilishe nguo.

"Usichimbe," Koki alimwambia askari.

"Koki," Kaka alisema.

"Usichimbe, hakuna kitu. Afande, mota ilikuwa shimoni, hapa. Aliificha Shemeji. Mimi sikuteleza popote, nilimfuata. Kamba ilimfunga kwenye mota, nikaikata, mota ikaenda birikani."

Inspekta alikunja shingo upande mmoja.

"Umeikata wewe?"

"Ndiyo."

"Kidhibiti cha kesi ya kaka yako. Umekishika kwa mkono wako. Halafu ukakitupa kwenye matope."

Koki aliona jinsi lilivyosikika. "Angekufa," alisema.

"Maskini," Shemeji alisema kwa huruma. "Amemeza maji mengi, yamepanda kichwani. Mwacheni apumzike, anampenda sana kaka yake."

Na watu wakaitikia kwa vichwa, eti ndiyo, maskini. Koki alitaka kumrudisha shimoni kwa mikono yake, safari hii bila pini.

Ni Dada aliyeharibu mambo. Alikuwa bado anamfuta mumewe maji, uso, shingo, mkono wa kushoto. Akafika mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Utoe nikufute," alisema.

"Huu mzima."

"Utoe."

"Mke wangu, mbele za watu..."

Dada aliuvuta mwenyewe. Kifundo kilikuwa kimevimba, na kukizunguka palikuwa na chubuko jekundu la kamba, mviringo kamili, na kipande cha kamba chenyewe bado kinaning'inia, kimekatwa safi kwa kisu. Dada aliuangalia mkono ule muda mrefu. Kisha akaanza kulifungua lile fundo la kamba kwa kucha, polepole, kama mama anavyomfungulia mtoto viatu. Alipomaliza akamkabidhi Inspekta kipande cha kamba, na akasogea mbali na mumewe.

"Mdogo wangu hasemi uongo," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Hapo Shemeji alibadilika rangi. Tabasamu lilikwisha, na mtu aliyekuwa nyuma yake akatoka, mtu mwoga mwenye hasira.

"Haya! Nimeiba! Mmefurahi? Mbona mnaniangalia mimi tu? Mimi nina lori? Nimeibeba kichwani kutoka mjini mpaka huku? Muulizeni huyo malaika wenu nani aliendesha!"

Wote walimgeukia Kaka.

"Niliendesha mimi," Kaka alisema taratibu. "Aliniambia ni kitanda cha mtoto, anampelekea Dada kota. Kimefungwa turubai, mimi nitajuaje? Nilijua tulipofika na kushusha. Kitanda gani kina mafuta?"

"Na ulipojua ukanyamaza," Inspekta alisema.

"Nilinyamaza."

"Kwa ajili ya huyu?"

Shemeji ndiye aliyecheka, kicheko kibaya. "Kwa ajili yangu? Thubutu! Nilimwambia tu, ukisema, watauliza na habari za geti..."

"Nyamaza!" Kaka alimrukia na pingu zake, askari akatupa sepetu na kumdaka kiunoni. "Nyamaza, nimesema nimeiba, imekwisha! Nimeiba peke yangu! Andika, afande!"

Inspekta hakuandika. Alikuwa amesimama vilevile, shingo upande.

"Geti," alisema. "Mzigo wowote unaoingia bwawani hufunuliwa turubai getini. Ni sheria, nimeisoma kwenye ubao pale nje. Mlinzi ameniambia siku hiyo alikwenda kunywa chai, akamwachia mtu geti, ila hataki kumtaja. Dereva, siku hiyo nani alikupitisha?"

"Sikumbuki."

"Nani alikufungulia geti bila kukagua?"

"Sikumbuki, afande. Sikumtazama."

Na Koki akakumbuka.

Hakuwa amelificha jambo hili. Hakuwahi hata kulihesabu kuwa jambo. Mlinzi alimwomba amshikie geti, na lori la Kaka likaja likipiga honi kwa mbwembwe. Kaka akachungulia dirishani: "Kitanda cha mpwa wetu hicho!" Nani angefunua turubai la kaka yake? Alifungua geti lote, akaligonga lori ubavuni kwa kiganja, akapiga na vigelegele. Kisha akarudi kwenye milango yake ya maji, na siku mota ilipotafutwa alikula kiapo kwamba lori la Kaka halikubeba mali ya idara, kwa sababu kwake yeye lilikuwa limebeba kitanda.

Siku zote hizi alikuwa anahangaika kumtoa Kaka. Na Kaka alikuwa amekaa ndani, kimya, akilala sakafuni, ili asimtaje yeye.

Alimtazama Kaka, na Kaka, akiwa amebanwa na askari, alikuwa anatikisa kichwa. Usithubutu. Midomo yake ilikuwa inasema hivyo bila sauti. Usithubutu, Koki.

Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili, na mlinzi asiyetaka kusema, na mwizi ambaye hakuna ambaye angemwamini tena. Inspekta angeuliza leo, angeuliza kesho, angechoka. Na huyu Koki ndiye aliyetoka kumvua Shemeji nguo mbele ya mkewe kwa jina la ukweli. Ndiye aliyemliza Dada. Ukweli ni mtamu sana ukiwa unawahusu wengine.

"Naona hakuna anayekumbuka," Inspekta alisema.

"Mimi nakumbuka," Koki alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfungulia geti."

Kaka alifumba macho. Dada alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

Inspekta alimtazama Koki kwa muda. Alikuwa anajumlisha, na kila alichojumlisha kilikuwa upande mmoja: aliyefungua geti bila kukagua, aliyekutwa shimoni kwenye mota, aliyeikata kamba na kuizamisha. Kisha akapapasa kiunoni. Jozi moja ya pingu ilikuwa mikononi mwa Kaka. Ilikuwa imebaki jozi moja tu. Akaichomoa.

Shemeji, akiwa bado amekaa kwenye majani, alinyoosha mikono yake miwili mbele, polepole, na kuangalia pembeni.

"Shusha hiyo, wewe umeshakiri," Inspekta alimwambia, akampita.

Akasimama mbele ya Koki.

"Lete mkono."